Kisu, Kijiko na Ufa wa Mwamba: Uchimbaji wa Dhahabu katika Vijito vya California, 1848–1854

Tarehe 17 Agosti 1848 Kanali Richard B. Mason, aliyekuwa gavana wa kijeshi wa California, aliwaandikia wakuu wake wa Washington taarifa ya safari aliyoifanya katika vilima vya Sierra Nevada mwezi uliotangulia. Katika taarifa hiyo alieleza kwamba dhahabu ya huko haikuhitaji mtaji. Mtu wa kazi alitosheka na sururu, sepetu na karai la bati. Na wengi hawakuhitaji hata hivyo, kwani mara kwa mara waliitoa dhahabu katika nyufa za miamba kwa visu vya kuchinjia, vipande vyenye uzito wa wakia moja hadi sita.

Maneno hayo yaweza kusomwa kuwa sifa ya nchi iliyojaa neema, na ndivyo yalivyosomwa katika miji ya mashariki ya Marekani baada ya Rais Polk kuitaja dhahabu hiyo mbele ya Bunge tarehe 5 Desemba mwaka huo huo. Lakini ndani yake mna jambo jingine, zito zaidi. Ikiwa chombo cha kutajirikia ni kisu cha jikoni, basi hapana mtu awezaye kuzuiwa kwa bei ya chombo. Mgeni na mwenyeji, mwanamume na mwanamke, mtumwa na bwana, wote wanacho kisu. Yeyote aliyetaka kuitwaa dhahabu hiyo peke yake ilimbidi atafute kizuizi cha namna nyingine, na historia ya vijito vya California kati ya 1848 na 1854 ni, kwa sehemu kubwa, historia ya jinsi kizuizi hicho kilivyotafutwa na kupatikana. Kabla ya kuifikia siasa hiyo, hata hivyo, inafaa kazi yenyewe ieleweke, maana bila ya kuelewa ufa haieleweki kwa nini kisu kilitosha.

Mwamba na maji

Dhahabu halisi ni nzito mara 19 kuliko maji ya ujazo ulio sawa nayo, ilhali jiwe la kawaida la mtoni halifikii mara tatu. Mchanga mweusi wenye chuma, ambao huandamana na dhahabu kila mahali, ni mzito mara tano hivi. Tofauti hiyo ndiyo siri yote. Mvua na baridi huvunjavunja mishipa ya mawe meupe iliyomo milimani. Vipande huporomoka hadi bondeni. Mto ukifurika huvibeba na kuvichanganya na changarawe. Changarawe inapotikiswa na mafuriko, kilicho chepesi hupanda na kilicho kizito huzama. Dhahabu huzama kupita mchanga, hupita changarawe, hupita hata majabali, mpaka ifike mahali ambapo haiwezi kuzama tena. Hapo ndipo penye mwamba-msingi.

Mwamba ulio laini kama sahani haushiki kitu. Maji yakija kwa nguvu husukuma kila kilicholala juu yake. Mwamba wenye nyufa ndio unaoshika, na katika jambo hili vilima vya California vilikuwa na bahati ya pekee. Sehemu kubwa ya miamba yake ni sleti, yaani mawe ya tabaka nyembamba zinazobanduka kama kurasa za kitabu, na tabaka hizo zimesimama karibu wima. Fauka ya hayo zimeelekea kaskazini-magharibi, ilhali mito hushuka kutoka mashariki kwenda magharibi. Kwa hiyo mto hupita ukizikata tabaka hizo kwa ubavu, na kingo zake zilizochongoka husimama chini ya maji safu kwa safu, mfano wa vizuizi ambavyo baadaye mafundi walivipigilia katika mifereji yao ya mbao. Kazi ya kuchuja ilikuwa imefanywa na mto kwa maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kuinama pale na kisu.

Kiswahili huutaja ufa kwa hofu: asiyeuziba atajenga ukuta. Mtoni California ufa ulikuwa ghala, na aliyeuziba kwa udongo na changarawe alikuwa mto wenyewe, naye hakuwa na nia ya kumpa mtu ufunguo.

Kazi ya ufa

Uzoefu wa kwanza ulipatikana pale pale Coloma, mahali ambapo Wanisenan walipajua kwa jina hilo kabla ya mzungu yeyote kukata mti hapo. Tarehe 24 Januari 1848 James W. Marshall, aliyekuwa akimjengea John Sutter kinu cha kupasulia mbao, aliona vipande vya dhahabu katika mfereji wa kutolea maji uliochimbwa kuteremkia mtoni. Miongoni mwa wafanyakazi wake alikuwamo Henry Bigler, askari wa zamani wa Kikosi cha Wamormoni, ambaye kitabu chake cha kumbukumbu ndicho mojawapo ya hati zilizosaidia kuithibitisha tarehe hiyo. Mnamo Februari Bigler alianza kutoroka siku za mapumziko akisingizia kwenda kuwinda. Alichokiwinda ni miamba iliyokuwa wazi kando ya mto, na silaha yake ilikuwa kisu cha mfukoni. Alipekua nyufa, akatoa chembe moja moja, akarudi jioni bila nyama. Siri ya namna hiyo haidumu, wenzake walimfuata.

Kazi aliyoianza Bigler kwa kificho ikawa baada ya miezi michache ustadi wenye kanuni zake. Mchimbaji aliyeujua mto hakuanza popote. Alitafuta mahali ambapo maji hupunguza mwendo: upande wa ndani wa kona, nyuma ya jabali kubwa, chini ya maporomoko, au mahali bonde linapopanuka baada ya kubanwa. Kisha alitafuta mwamba ulio wazi, au uliofunikwa na changarawe ya kimo kidogo, akaangalia mistari ya nyufa inayoukata mkondo. Ufa mwembamba ulikuwa na thamani sawa na ufa mpana, na pengine zaidi, kwa kuwa mpana huoshwa na kila furiko ilhali mwembamba hushika na kubana. Ishara njema ilikuwa ufa ulioshindiliwa changarawe ngumu yenye rangi ya kutu, ambayo haikuguswa kwa miaka mingi. Mizizi ya majani na ukoga uliojishika mwambani navyo havikudharauliwa. Vilikwanguliwa na kuoshwa, maana vinanasa chembe ndogo kama nywele zinavyonasa vumbi.

Changarawe ya juu iliondolewa kwa sepetu. Mtaimbo uliingizwa katika ufa na kuutanua, na tabaka moja ya sleti ikang'olewa, kisha ya pili. Mara nyingi sleti ya juu ilikuwa imeoza kwa maji, na wachimbaji wenye subira walijifunza kuibandua hadi kimo cha futi moja au zaidi, kwani dhahabu hufuata mianya ambayo jicho haliioni. Hapo ndipo kisu kilipoingia. Ncha yake ilipitishwa katika kila mwanya, ikakwangua udongo mgumu uliokaa chini kabisa. Vijiko vilitumika kuuchota udongo huo, vya chuma na vya pembe ya ng'ombe. Palipokuwa finyu kupita kijiko, kipande cha waya au chuma kilichokunjwa mfano wa kulabu kilifanya kazi. Maji yaliyojaa ufani yalikombwa kwa kikombe. Mwishoni ufa ulifagiliwa, maana vumbi la mwisho ndilo zito kuliko yote. Aliyefanya haraka hapa alimwachia mwenzake faida.

Udongo wote huo, ambao pengine haukuzidi vikombe viwili, uliwekwa katika karai na kuzamishwa majini. Karai lilitikiswa ili kilicho kizito kikae chini, kisha likainamishwa na kuzungushwa taratibu, maji yakachukua mchanga kidogo kidogo. Yeyote aliyewahi kumtazama mwanamke wa pwani akipepeta mchele kwa ungo, jinsi mkono unavyorusha na kupokea hadi pumba zinatangulia na chenga zinabaki nyuma, atauelewa mwendo huo, ila kwamba hapa upepo ni maji. Kilichobaki mwishoni kilikuwa mchanga mweusi, na katika ukingo wake mstari wa manjano. Mchanga huo ulikaushwa juu ya moto na kupulizwa kwa kinywa. Chembe zisizoweza kutengwa kwa pumzi ziliunganishwa kwa zebaki, ambayo ilichomwa baadaye ikatoka kama moshi. Sumu ya moshi huo haikuhesabiwa na mtu.

Kazi ilifanywa kwa magoti na kwa tumbo, miguu ikiwa katika maji yaliyotoka kwenye theluji na mgongo ukiwa juani. Baridi yabisi na kiseyeye viliwapata wengi. Waandishi waliozuru kambi kwa siku mbili tatu na kuieleza kazi hiyo kuwa mchezo hawakuifanya wenyewe, au waliifanya asubuhi moja.

Mbinu hizo hazikubuniwa na watu wa taifa moja. Wachimbaji kutoka Sonora, katika Mexico ya kaskazini, walikuja na batea, bakuli pana la mti, na pamoja nalo elimu ya vizazi ya kuitenga dhahabu hata pasipokuwa na maji, kwa kurusha mchanga mkavu na kuuacha upepo ufanye kazi. Wachile walikuja na ujuzi wa migodi yao. Isaac Humphrey, aliyekuwa amechimba Georgia, alileta Coloma mwezi wa Machi 1848 sanduku la kubembeza lililofanana na susu ya mtoto, ambalo liliosha udongo mwingi kwa mara moja. Lugha ya kambi ilishuhudia mchanganyiko huo: maneno ya Kihispania kama placer na bonanza yaliingia katika Kiingereza cha wachimbaji na kukaa humo hata baada ya wenye maneno kufukuzwa. Mara nyingi msamiati hubaki mahali ambapo mwalimu wake hakuruhusiwa kubaki.

Waliokuwa mtoni mwaka 1848

Picha iliyozoeleka ya mchimbaji wa California ni ya mzungu mwenye ndevu aliyefika mwaka 1849. Picha hiyo imechelewa mwaka mmoja. Mason alikadiria kwamba katika Julai 1848 watu 4,000 walikuwa wakifanya kazi katika nchi ya dhahabu, na kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wenyeji wa asili. Wanisenan na Wamiwok, pamoja na majirani zao, ndio waliokuwa wengi mitoni katika msimu wa kwanza. Wanawake wao waliosha changarawe kwa vikapu vilivyosukwa kwa ajili ya kupepetea mbegu na unga wa mikwaju ya mwaloni. Na hapana chombo cha kigeni kilichowashinda kwa ustadi wa mkono. Kuhusu nyufa hawakuhitaji kuonyeshwa: mto ulikuwa wao, na mwamba gani huonekana wazi katika mwezi gani walikuwa wakijua kuliko mgeni yeyote.

Walikuwamo mtoni kwa namna mbili. Baadhi yao walijichimbia wenyewe na kuuza. Wengine, na hao ni wengi, waliajiriwa, au walilazimishwa, na walowezi waliokuwa wakiwatumia katika mashamba ya ng'ombe tangu enzi ya Mexico. Mason alionyeshwa katika kijito cha Weber handaki lisilozidi yadi 100 kwa urefu na futi nne kwa upana, ambamo wanaume wawili walikuwa wamepata dhahabu ya dola 17,000. Akaarifiwa kwamba wawili hao walikuwa na wafanyakazi wazungu wanne na wenyeji wapatao mia moja, na kwamba baada ya kazi ya wiki moja waliwalipa wote wakabakiwa na dola 10,000. Taarifa inasema wenyeji walilipwa. Haisemi walilipwa nini. Kinachojulikana kutoka kwa mashahidi wengine wa msimu huo ni kwamba wafanyabiashara walikuwa na bei mbili, moja ya wazungu na moja ya wenyeji, na kwamba katika miezi ya mwanzo dhahabu ilibadilishwa kwa shanga, nguo na chakula kwa mizani isiyohusiana na soko lolote. Wenyeji hawakukawia kulitambua jambo hilo. Walipoijua thamani ya kile walichokuwa wakikitoa, walianza kudai bei, na wengi wakaacha kuwafanyia wengine kazi. Mtu mwenye kisu chake na ufa wake ana sababu gani ya kumtumikia tajiri?

Hapo ndipo tatizo lililofichwa katika maneno ya Mason lilipojitokeza waziwazi. Ardhi yenyewe haikuwa na mwenyewe kwa sheria iliyofahamika. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, uliotiwa sahihi tarehe 2 Februari 1848, siku tisa baada ya ugunduzi wa Marshall, uliiondoa California mikononi mwa Mexico na kuitia katika Marekani. Lakini wakati wa majadiliano hayo hapana upande uliokuwa na habari za Coloma, na haikuwako sheria ya migodi kwa ajili ya ardhi ya umma. Wachimbaji walijitungia kanuni zao kambi kwa kambi: kila mtu kipande chake, na asiyefanya kazi hunyang'anywa. Kanuni hizo zimesifiwa sana kuwa mfano wa demokrasia ya watu wa kawaida. Sifa hiyo ina ukweli ndani yake, alimradi isisahauliwe kwamba jambo la kwanza ambalo mikutano mingi ya kambi iliamua ni nani asihesabiwe kuwa mtu wa kambi.

Bunduki, kisha kodi

Mwaka 1849 watu walifika kwa makumi ya maelfu. Idadi ya wasio wenyeji wa asili, ambayo mwanzoni mwa 1848 haikuzidi 15,000 kwa makadirio ya kawaida, ilipita 200,000 kufikia 1852. Wakati huo huo nyufa rahisi zilikuwa zikimalizika. Kwa hesabu ya mwanahistoria Rodman Paul, pato la kawaida la mchimbaji kwa siku lilikuwa kama dola 20 mwaka 1848, likashuka hadi 10 mwaka 1850 na 5 mwaka 1853. Watu wakiongezeka na ghala likipungua, kila goti lililoinama kando ya mto liligeuka kuwa la mshindani.

Wa kwanza kuondolewa walikuwa wenyeji wa asili. Katika majira ya kuchipua ya 1849, wanaume waliotoka Oregon, nchi iliyokuwa katika vita na wenyeji wake, walishambulia vijiji vya kando ya Mto American baada ya baadhi ya wenzao kuuawa. Hawakuwauliza waliowakuta walihusika vipi. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo watu waliofanya kazi kwa Marshall pale Coloma. Naye Marshall alipojaribu kuwatetea ilimlazimu akimbie. Baada ya mwaka huo wenyeji karibu watoweke katika taarifa za machimbo, na wasomaji wa taarifa hizo wakapata kudhani kwamba hawakuwamo tangu awali.

Sheria ilifuata nyuma ya bunduki. Tarehe 22 Aprili 1850 jimbo jipya lilipitisha sheria iliyoitwa ya utawala na ulinzi wa wenyeji. Iliruhusu watoto wao kuwekwa chini ya walezi wazungu na kutumikishwa. Iliruhusu mwenyeji aliyeonekana kuzurura akamatwe na kutolewa kwa mnada afanye kazi. Na ikaamuru kwamba mzungu asipatikane na hatia kwa ushahidi wa mwenyeji. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichohusu ufa moja kwa moja. Mtu aliyefukuzwa kwenye mwamba wake hakuwa na mahali pa kusemea. Mnamo 1851 na 1852 mawakala wa serikali kuu walitia sahihi mikataba 18 na viongozi wa wenyeji, wakiahidi maeneo ya kukaa. Baraza la Senate likaikataa yote mwaka 1852, na hati zake zikafichwa hadi 1905. Watu waliokadiriwa kuwa 150,000 kabla ya dhahabu walibaki kama 30,000 kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1870, kwa maradhi, njaa, utumwa na mauaji ya kukusudia.

Kwa wageni wasio wazungu wa Marekani kizuizi kilikuwa kodi. Sheria ya 13 Aprili 1850 ilimtaka kila mchimbaji asiye raia alipe dola 20 kwa mwezi. Kiasi hicho kwa mtu apataye pato la kawaida kilikuwa kama kazi ya siku mbili, na mtetezi wa sheria angeweza kusema si kikubwa. Lakini pato la kawaida ni wastani. Mchimbaji wa ufa hupata wakia leo na wiki nzima asipate kitu, na mtoza kodi hakungoja ufa utoe. Waliotozwa kwa ukali ni Wamexico, Wachile na Waperu, na maelfu waliondoka katika machimbo ya kusini. Ajabu ni kwamba waliolalamika kwa sauti kubwa walikuwa wenye maduka wa kizungu, ambao walijikuta na bidhaa bila wanunuzi. Kodi ikafutwa mwaka 1851.

Ilirudi mwaka 1852 kwa umbo jingine, dola tatu kwa mwezi, na mwaka uliofuata nne. Safari hii ilikusudiwa Wachina, ambao wapatao 20,000 waliteremka San Francisco katika mwaka huo mmoja. Kodi ndogo iliyo ya kudumu ilifaa kuliko kubwa inayofukuza. Serikali za wilaya ziliitegemea kwa mapato, na mchimbaji wa Kichina akaruhusiwa kubaki kwa sharti kwamba achimbe mahali palipokwisha kuachwa. Hapo ustadi wa ufa ulipata wenyewe wapya. Vikundi vya Wachina viliingia katika mito iliyohesabiwa kuwa mitupu, vikaondoa majabali, vikakomba maji, na kukwangua tena miamba ambayo wa kwanza waliipitia kwa pupa. Vilipata riziki, na pengine zaidi ya riziki. Mafanikio hayo yakawa hatia yao mpya. Mwaka 1854 Mahakama Kuu ya California, katika kesi ya *People v. Hall*, iliamua kwamba Mchina naye, kama mwenyeji na mtu mweusi, hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Na mtu aliyehukumiwa kwa kumuua mchimbaji wa Kichina akaachiliwa. Kodi yenyewe iliendelea kutozwa hadi 1870.

Watu weusi hawakukosekana katika mito hiyo. Baadhi walikuwa huru. Wengine waliletwa na mabwana zao kutoka majimbo ya kusini, wakachimba kwa matumaini ya kujinunua. Katiba ya California ilikataza utumwa tangu 1849, lakini sheria ya 1852 iliwapa mabwana uwezo wa kuwarudisha kusini watu waliowaleta kabla ya jimbo kuundwa. Hivyo mtu aliyekwisha kukwangua mwambani bei ya uhuru wake angeweza kutiwa merikebuni pamoja na bwana na dhahabu.

Mfano wa karibu

Msomaji wa Kenya hatakosa kuifikiria Kakamega. Mwaka 1931, wakati bei ya mazao ilipokuwa imeanguka na nzige wamekwisha kuharibu mashamba, mlowezi aliyetoka Marekani, L. A. Johnson, alipata dhahabu katika vijito vya huko, na walowezi wakamiminika na makarai yao katika nchi yenye watu wengi waliolima hadi ukingoni mwa maji. Huko nako kilichotakiwa mwanzoni kilikuwa karai na sepetu tu. Na huko nako swali halikuwa nani anaweza kuchimba. Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ikitolewa katika hifadhi, nyingine iliyo sawa itaongezwa, na Baraza la Wenyeji la mahali hapo litashauriwa. Mwishoni mwa 1932, wino ukiwa haujakauka vizuri, sheria hiyo ilirekebishwa ili kwa ajili ya uchimbaji ahadi zote mbili ziwekwe kando. Lord Lugard na Margery Perham ni miongoni mwa waliopinga kutoka Uingereza. Tofauti na California ni kubwa, na haifai kupunguzwa: hapa palikuwa na serikali iliyohofia ghasia, na wenye ardhi hawakuangamizwa. Lakini katika nchi zote mbili miaka miwili ilitosha kugeuza karai la kila mtu kuwa karai la mwenye kibali.

Mashine baada ya kisu

Huko California kisu kilipoteza nafasi yake mapema. Tangu 1849 makampuni ya wachimbaji yalianza kuihamisha mito kwa mabwawa na mifereji ya mbao ili kukausha kitanda chake chote, kazi ya kiangazi kizima ambayo mvua ya kwanza ya majira ya baridi iliweza kuifuta kwa usiku mmoja. Mwaka 1853 Edward Matteson, karibu na Nevada City, alianza kuvunja vilima vizima kwa maji yenye nguvu yaliyotoka katika bomba. Hapo mtaji ulihitajika, tena mwingi, na mtu wa kisu akawa kibarua. Matope ya kazi hiyo yalizika mashamba ya bondeni mpaka hakimu Lorenzo Sawyer alipoizuia kwa hukumu ya Januari 1884. Zebaki iliyomwagika katika miaka hiyo ingali katika matope ya mito.

Mto haukuacha desturi yake. Kila furiko kubwa huleta changarawe mpya na kuzishindilia nyufa zilizokwisha kusafishwa, kwa kiasi kidogo kuliko zamani, lakini kwa utaratibu ule ule. Mwaka 2009 jimbo la California lilisimamisha matumizi ya mashine za kufyonza dhahabu mitoni, na wapenzi wa kazi hiyo wakarudi katika mitaimbo na kulabu za mkono. Pale Coloma penyewe, katika hifadhi ya kihistoria iliyopewa jina la Marshall, mgeni anaruhusiwa kutafuta dhahabu kando ya mto mahali palipotengwa. Kanuni inamruhusu mikono yake na karai. Kisu hakiruhusiwi.